Posa Yangu Ilimngoja Mjomba

Nakumbuka siku posa yangu ilipofika kijijini kwetu, kule nyuma ya Naliendele, miaka ile ya hamsini. Mwanangu, moyo ulinidunda nikadhani wageni wanausikia! Nilikuwa ndani nachungulia kwenye tundu la ukuta. Saidi wangu alikuwa mtu wa Mikindani, na wazee wake walimwendea baba moja kwa moja, maana kwao baba ndiye mwisho. Kwetu Wamakonde sivyo. Baba angesimamia ndoa, lakini neno la kukubali lilikuwa la mjomba, kaka yake mama.

"Mimi ni baba yake tu," baba akawaambia. "Mwenye neno ni mjomba wake, naye yuko Kilambo, mtoni."

Wageni wakatazamana. Baba mdogo wa Saidi akainuka, akaanza kuvaa makubadhi.

"Basi semeni mmetukataa, tuondoke."

Nilitaka kutoka nipige kelele! Bahati njema mama aliwahi mlangoni, akawasihi walale, wale, wasubiri. Kaka yangu alikuwa keshapanda baiskeli kwenda Kilambo.

Kesho yake vigelegele vilianzia huko kwenye mikorosho. Mjomba huyo! Tope la mto limemkaukia miguuni, mpunga wake kauacha shambani haujaisha kuvunwa. Hakukaa, hata maji hakunywa. Akaja uani, akaniuliza jambo ambalo hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza.

"Mpwa wangu, wewe unamtaka?"

"Namtaka, mjomba!" Nilisema kwa sauti mpaka wanawake wakaangua kicheko.

Akawageukia wageni. "Mchukueni. Ila siku akilia huko kwenu, niiteni mimi."

Yule baba mdogo akampa mkono, na ngoma ikaanza mchana uleule. Nilicheza mimi, wacha!

Siku hizi nawasikia mkimwita mjomba hata muuza samaki. Mwiteni, hakuna ubaya. Lakini wewe kijana mwenye dada, jua kuwa jina hilo lina kazi. Mtembelee mpwa wako kabla hujaitwa. Akiposwa, muulize yeye mwenyewe kwanza. Na ukiitwa, acha jembe uende, kwa sababu kuna mtoto amesimama nyuma ya ukuta anakungoja wewe, na hakuna mwingine atakayemuuliza.

Mungu akupe miguu ya kuwahi, mwanangu, na wapwa wasiokuogopa. Amina.