Boksi la Mama Massawe

Leo nimeumbuka Kariakoo, na sina wa kumlaumu.

Mnajua natengeneza maboksi ya meinswichi kwa rezini, ile plastiki ya maji inayoganda. Naichanganya na unga mweupe ili isishike moto.

Asubuhi nikampelekea Mama Massawe, muuza vitenge, boksi lake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hapa hata balbu tunaijaribu kabla mteja hajaondoka. Haya, lijaribu."

Nikatoa kipande changu cha sampuli, nikakiwasha. Nilipoondoa kiberiti, kikazima chenyewe. Nikatabasamu.

"Hicho umekuja nacho mfukoni. Mimi nanunua hili."

Akaliweka boksi mlangoni, akawasha kona yake. Akaondoa kiberiti.

Moto ukabaki.

Ukapanda huku ukidondosha matone meusi, na nyuma yetu vitenge vimepangwa hadi darini. Nikaumwagia ndoo nzima ya mchanga iliyokuwa pale mlangoni.

Ndipo nikalikumbuka pipa ninalochanganyia rezini. Ule unga hutuama chini, lazima ukoroge kila unapochota. Wiki iliyopita nilikuwa na haraka, nikachota juu juu.

Na maboksi ya pipa lile yameshafungwa kwenye fremu sita za maduka ya korido hii hii.

Nikamwambia ukweli. Hakufoka (bora angefoka). Akawaita majirani: "Zimeni umeme, huyu anakuja kufungua maboksi yake."

Sasa hivi niko kwenye boksi la nne. Korido nzima giza.

Kama una boksi langu la kijivu, usiniandikie pole. Niandikie uko wapi, nakuja na bisibisi.