Ulimi wa Gertrude Mbele ya Mahakama ya Rufaa

Gertrude huuza samaki wakavu katika soko la Panda, lakini Likasi nzima inamjua kwa mdomo wake. Yeye ni wa ukoo wa Samaki, na watu wa ukoo wa Mamba ni watani wake. Wakifiwa, Gertrude hufika bila kualikwa, husimama mbele ya jeneza na kumfokea maiti: "Amuka, weye muvivu! Ulikula bukari yote, sasa unajifanya umekufa juu usioshe masahani?" Wafiwa hucheka machozi yakiwatiririka. Mtani hakasirikiwi. Ndiyo sheria yao, na mimi sijaona sheria nyingine yenye huruma kama hiyo.

Casimir, mtoto wa Benoît, kaka yake Gertrude, alimfuata shangazi yake kwenye misiba tangu utotoni hadi akaota ndevu. Mtaa mzima ulimwita mtani. Basi siku alipofariki mama yake Ruffin, mwanamke wa ukoo wa Mamba, Gertrude akiwa kitandani na homa, Casimir alikwenda peke yake akamfokea maiti maneno yaleyale. Wengi walicheka. Ruffin hakucheka, maana alijua mama yake Casimir alitoka Kasai na hakuwa Samaki hata kidogo. Alinyakua mchi uliokuwa karibu, akampiga mara moja tu. Casimir hakuinuka tena.

Ruffin alijitetea kwamba alichokozwa. Majaji wa kwanza wakasema utani si uchokozi, na marehemu alikuwa wa nyumba ya Gertrude, nani asiyejua? Wakamfunga maisha kwa kuua makusudi. Akakata rufaa, na mahakama ya rufaa ikaja kutoka Lubumbashi kusikiliza kesi papo hapo Likasi.

Wakili wake, Danielle, alimfuata Gertrude sokoni.

"Mama Gertrude, kama Casimir haikuwa mutani, basi alitukana maiti kweli, na Ruffin alichokozwa. Majaji banaweza kumupunguzia. Lakini ni weye tu batakuamini."

Benoît alipopata habari alimjia kwa hasira. "Ukisema ile, unanizikia mutoto mara ya pili," alimwambia dada yake, kisha akaacha kuzungumza naye kabisa. Gertrude aliumia. Alimpenda kaka yake, na Casimir alikuwa kipenzi chake. Lakini kumwacha mtu aozee gerezani kwa jambo asiloliamini yeye mwenyewe? Hapana, hilo lilimshinda.

Siku ya kesi, rais wa mahakama alimtaka aeleze utani ni kitu gani.

"Monsieur le président, sema kwanza ukoo yako, nijue kama niko na ruhusa ya kukutukana."

Ukumbi ulivunjika mbavu, na rais mwenyewe akaficha mdomo kwa karatasi. Kisha sauti ya Gertrude ikashuka.

"Kwetu mutoto anafwata ukoo ya mama. Mama ya Casimir haikuwa Samaki. Ile maneno, mu kinywa yangu ni dawa. Mu kinywa yake ilikuwa matusi. Nilimupenda sana, njo maana sikumukataza."

Majaji walikubali kwamba Ruffin alichokozwa. Kuua aliua, na adhabu ataitumikia, lakini kifungo cha maisha kikawa cha miaka sita.

Nje, Benoît alimpita dada yake kama hamwoni. Hapo Eugénie, mama mdogo wa Ruffin, Mamba wa damu, akamzibia Benoît njia.

"Weye, samaki ya kuoza! Unaenda wapi na ile kichwa kubwa?"

Mbele yake alisimama mama mdogo wa aliyemuua mwanawe, na kwao mama mdogo ni mama tu. Lakini Benoît alikuwa Samaki kamili, tumbo moja na Gertrude, na mtani hana haki ya kukasirika.

"Mamba kizee," alisema hatimaye, "meno yako yote iliisha. Utaniuma na nini?"

Akaketi kwenye ngazi akilia na kucheka, Eugénie naye akaketi kando yake huku akiendelea kumtukana. Benoît akainua uso.

"Gertrude, mujibu huyu bibi. Miye machozi inanizuia."

Na Gertrude, mdomo wa Likasi nzima, akafungua kinywa asipate hata tusi moja.