Fyuzi ya Redio Ilikuwa Ndani ya Koti Langu

Jamani, ni mimi. Ile redio ya motokaa ya Bwana Athumani iliyonyamaza siku watu wamejaa uwanjani, niliyeinyamazisha ni mimi, wala si yule Mngoni aliyelaumiwa. Nimekaa na jambo hili tangu kiangazi kilichopita na sasa limenishinda. Leo nalitapika.

Jina langu silitaji. Hapa Ifakara mafundi cherehani tupo wengi, kila mtu abahatishe wake. Ila nawaomba msije barazani kuniuliza mbele ya wateja!

Bwana Athumani ni mtu wa pwani, anauza nguo na kununua mpunga, na barazani kwake ndipo nilipoweka cherehani yangu. Motokaa yake ni kuukuu. Aliinunua kwa Mzungu mmoja wa mashamba ya mkonge aliyekuwa anarudi kwao, na rangi yake siku hizi hakuna anayeweza kuitaja kwa uhakika. Lakini ilikuja na redio, imefungwa humo humo tangu kiwandani, karibu na usukani. Jumamosi jioni milango yote minne hufunguliwa, injini huachwa ikiunguruma ili betri isife, na nusu ya mtaa huja kusikiliza Dar es Salaam.

Dereva wake ni Ngonyani, mtu wa Songea. Yeye Mngoni, mimi Mpogoro. Mmeshajua basi: watani! Yeye kila asubuhi lazima aniulize kama ni kweli babu yangu alipoona motokaa mara ya kwanza aliitupia majani ili ile. Mimi lazima nimwambie babu yake aliacha ngao kwetu akikimbia vita, na mpaka leo bibi yangu anaanikia dagaa juu yake. Tukimaliza matusi ndipo tunakunywa chai.

Na utani wetu una sheria zake, wenyewe mnazijua. Mtani akichukua kitu chako huna ruhusa ya kukasirika. Unakikomboa, kwa kuku au kwa kibuyu cha pombe, na watu wanacheka.

Sasa wiki ile Ngonyani alinipora futi yangu ya kupimia nguo. Aliivuta shingoni mwangu mchana kweupe, akajivika yeye, akazunguka nayo soko zima akipima viuno vya wauza samaki. Nilimkomboa kwa jogoo. Jogoo mzima, jamani, mwekundu, wa mbegu! Watu walicheka na mimi nilicheka, lakini moyoni nilisema yule jogoo lazima arudi nyumbani.

Jumamosi asubuhi Ngonyani akaenda kunywa chai, motokaa akaiacha wazi. Mimi nilikuwa nimemwona juzi yake akibadilisha fyuzi ya redio. Ni kitu kidogo tu, kibomba cha kioo kisichozidi kidole cha kuku, kinakaa ndani ya kikopo kilichoungwa kwenye waya, chini huko miguuni. Nikainama. Nikakifungua kile kikopo, nikachomoa fyuzi, nikakifunga tena kama kilivyokuwa. Fyuzi nikaitia mfukoni mwa koti langu, nikarudi kushona kama mtu mwema.

Hakuna aliyeniona. Wakati ule nilidhani huo ndio ujanja wenyewe.

Hesabu yangu ilikuwa hii: jioni Ngonyani atawasha redio, itakaa kimya, atatoka jasho, na mimi nitajitokeza na fyuzi mkononi, nimeiinua juu kabisa. Watu watapasuka kwa kicheko. Jogoo atarudi. Nilikuwa shujaa kabla ya vita!

Wala msidhani sikujua siku ile ilikuwa siku gani. Nilijua vizuri sana. Mama Benedikto wa ng'ambo ya mto alikuwa amepata barua kutoka Dar es Salaam, na mimi ndiye niliyemsomea. Mwanawe Benedikto, aliyekwenda huko na mjomba wake miaka mitano iliyopita akiwa mtoto wa kumfika mama yake begani, sasa yumo kwenye kwaya, na Jumamosi hiyo saa kumi jioni kwaya itaimba redioni. Ubeti wa pili ataimba peke yake. "Mwambieni mama asikilize ubeti wa pili." Niliusoma mstari huo mara nne kwa sababu yeye aliniambia nirudie.

Bwana Athumani aliposikia akasema, "Mama, utakaa kiti cha mbele. Motokaa ni yako siku hiyo."

Mama akaja kwangu kushonewa gauni la vitone. Nikamtania, "Mama, redioni hakuna mtu atakayekuona."

"Mwanangu anaimba mbele za watu," akajibu, "mimi niende na matambara?"

Basi saa tisa na nusu akafika na gauni lake, amevuka mto tangu asubuhi, na kikapu mkononi. Uwanja ulikuwa umejaa, wengine wametoka mpaka Kiberege kwa baiskeli. Tukamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku na huku kama bibi harusi. Bwana Athumani akamfungulia mlango, akakaa mbele, akaweka mikono mapajani.

Ngonyani akazungusha kitufe. Kimya.

Nawaambia, nilijibana mbavu! Nikasema ngoja kidogo, aive kwanza.

Ngonyani si mjinga. Akapiga honi, ikalia. Akawasha taa, zikawaka. "Betri nzima," akasema. Akatikisa waya wa angani, akaangalia ulipoungwa. Akazungusha kitufe tena, akaweka sikio. "Redio hii kabla ya kusema huwa inavuma kama nyuki, na kitaa chake kinawaka. Leo haivumi, haiwaki. Umeme haufiki." Mnaona? Alikuwa ameshaligusa! Zilikuwa zimebaki dakika ishirini.

Nikaona sasa ameiva. Nikatia mkono mfukoni.

Vidole vikatokea upande wa pili! Mfuko ulikuwa na tundu. Mganga hajigangi, wazee walisema, na mimi ninayeziba mifuko ya Ifakara nzima nilikuwa na tundu la kupitisha vidole viwili. Fyuzi haipo! Nikaanza kuzunguka motokaa, nikapiga magoti kwenye majani, nikapekua mchanga kutoka pale mpaka kwenye cherehani na kurudi.

Ngonyani alikuwa amelala chali, kichwa chini ya usukani, miguu nje, anafungua misumari ya spika. Akaniona magoti yangu. Akaniita, kwa jina la utani ambalo sitaliandika hapa.

"Wewe uko chini hapo, hebu nifungulie hicho kikopo cha fyuzi, niangalizie. Nimeiweka mpya juzi tu, lakini niangalizie."

Hapa ndipo penyewe, ndugu zangu. Yaliyotangulia ni mchezo. Hapa ningesema neno moja yakaisha. Lakini niliona watu wote wale, nikaona kicheko kinageuka kinanijia mimi, nikajidanganya kwamba nikipata dakika mbili tu nitaipata kwenye majani. Nikashika kikopo, nikakigeuza geuza, sikukifungua.

"Iko salama," nikasema.

Maneno mawili! Akaniamini, maana mtani hukutukana lakini hakudanganyi.

Basi kama fyuzi ni salama, ubaya uko ndani. Akachukua spana, akaanza kuifungua redio yote. Akaishusha mapajani, akafungua mfuniko, akaanza kugusa zile taa za kioo za ndani moja moja. Watu wakamzonga, huyu anasema puliza vumbi, yule anasema piga kofi. Mtu akamsukuma kiwiko, taa moja ikapasuka. Ilitoa mlio mdogo tu.

Saa kumi ikafika. Bwana Athumani alishika saa yake mkononi lakini hakuitazama tena. Mimi bado nilikuwa kwenye majani.

Mama Benedikto alikaa pale mbele ya lile tundu walimotoa redio, mikono mapajani, wimbo ukapita huko Dar es Salaam, ubeti wa kwanza, wa pili, wote. Saa kumi na nusu akashuka taratibu asilipasue gauni.

Watu wakamrukia Ngonyani. "Mngoni umeua redio!" "Nani alikutuma ufungue?" Bwana Athumani, mpole yule, akamwambia mbele yetu, "Ngonyani, umeniaibisha kwa mgeni wangu." Ngonyani akabaki na bisibisi mkononi.

Na mama akanijia mimi. Akanitazama magoti yangu yaliyojaa mchanga na uso unaotoka jasho.

"Mwanangu, nimekuona. Tangu nimefika hujasimama, unahangaika kwa ajili yangu." Akafungua kikapu. "Nilimletea mwenye motokaa, lakini wewe ndiye uliyeteseka. Pokea."

Alikuwa kuku. Jogoo, jamani! Na mimi, Mungu anisamehe, nilimpokea kwa mikono miwili, nikasema asante mama.

Jumatatu mke wangu akafua koti. Akanijia na kitu kwenye kiganja. "Baba, hiki kidude kilikuwa humu, kati ya koti na bitana. Ni cha cherehani?" Fyuzi! Ilikuwa imepenya kwenye tundu ikadondokea ndani ya bitana. Muda wote ninatambaa kwenye majani nilikuwa nimeivaa! Nilicheka, halafu nikaona sicheki.

Nikampelekea Ngonyani siku ile ile. Nilitegemea ngumi, na ngumi ingenifaa. Aliigeuza fyuzi kwenye vidole.

"Ungesema haipo," akasema polepole, "ningekunja ile karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara nikaichomeka mahali pake, umeme ukapita. Dakika moja. Yule mama angesikia."

"Ulikuwa utani, Ngonyani."

"Mimi futi yako niliichukua watu wakiona. Nilipita nayo soko zima. Anayechukua kwa kificho haitwi mtani." Akanirudishia fyuzi. "Asante kwa kunijulisha, Bwana."

Bwana! Tangu siku ile ananiita Bwana. Habari za asubuhi, Bwana. Kazi njema, Bwana. Haniulizi tena habari za babu yangu na majani. Heshima ile inaniuma kuliko matusi yote ya Wangoni yakiwekwa pamoja.

Nikamfunga yule jogoo kwenye baiskeli, nikavuka mto kwenda kwa Mama Benedikto. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama. Alikuwa anapepeta mchele, hakuacha.

Nilipomaliza akasema, "Basi niimbie wewe."

"Mama, mimi sijui kuimba."

"Barua umesoma, wimbo umetajwa humo, unaujua, hata kanisani mnauimba. Niimbie."

Majirani wakakusanyika, watoto wakakaa chini. Nikaimba, ndugu zangu! Jogoo mwenyewe alinigeuzia mgongo. Watu walicheka mpaka wakashikana, na mama naye alicheka, ungo ukitikisika. Nikaona nimesamehewa, nikaingia ubeti wa pili kwa nguvu.

Hapo akainua mkono. "Basi. Benedikto haimbi hivyo."

"Najua, mama. Yeye anaimba vizuri."

"Hujui," akasema. "Hata mimi sijui. Alipoondoka sauti yake ilikuwa bado ya kitoto. Sasa ni mwanamume. Nilitaka niijue."

Akaendelea kupepeta. Nikamfungua jogoo kwenye baiskeli, nikamwacha pale uani, nikarudi.

Ile redio mpaka leo haijasema. Taa yake ya kioo imeagizwa na haijafika. Kwaya haijaimba tena. Wasomaji wenzangu, mnaopenda utani kama mimi: chukueni kofia, chukueni futi, chukueni hata sufuria jikoni, lakini chukueni watu wakiona. Na mtu akiwa chini ya gari akakuuliza kama iko salama, fungua kikopo uangalie, useme ulichokiona, hata kama kuna watu mia wanaosubiri kukucheka. Kicheko kinakwisha jioni ile ile. Mimi nimemnyima mama sauti ya mwanawe, na hiyo sina cha kuikombolea.