Roketi ya Watu Wawili

Mimi ni mtu wa kukasirika haraka na kusamehe polepole, ndiyo maana habari hii nimeikalia miaka mingi.

Katika miaka ya sabini nilikuwa mwalimu wa hesabu kwenye shule ya wasichana Iringa. Nilikaa nyumba moja na mwalimu wa fizikia, binti mwenzangu wa umri wangu, mtu wa Mbeya, mwenye kucheka mpaka anashika ukuta. Mwalimu mmoja wa Kizungu alipomaliza mkataba wake, alituachia vitu vilivyogoma kuingia kwenye masanduku yake: sufuria mbili, pazia, na boksi lenye roketi ndogo ya kujifunzia, haijaungwa bado. Ndani yake mlikuwa na bomba la karatasi ngumu, pua ya plastiki, mapezi matatu ya mbao nyepesi, parachuti isiyozidi leso, na injini moja tu. Injini ni jina kubwa. Chenyewe kilikuwa kibomba cha karatasi chenye urefu wa kidole, kimeshindiliwa baruti.

Tuliiunga siku za Jumamosi mchana, tukishamaliza kufua. Kazi tuligawana bila kuambiana: yeye alisoma maelekezo ya Kiingereza kwa sauti, mimi nilikata na kubandika. Gundi iliyokuja nayo ilikuwa imekauka, tukaomba ya seremala wa shule. Mapezi niliyapiga msasa mpaka akaninyang'anya, akisema nitayamaliza. Sikumbuki kama niliwahi kufurahi hivyo tena nikiwa chumbani na mtu mwingine, na hapo nahesabu hata ndoa yangu.

Mvua zilikuwa zimeanza na uwanja umejaa tope, tukakubaliana kuirusha kiangazi. Kabla kiangazi hakijafika, yeye akaolewa Mbeya, na uhamisho ukafuata. Siku ya kuondoka alinishika mkono kupitia dirisha la basi.

"Mwenzangu, usiirushe bila mimi. Nitakuja likizo."

Nikarudi kwenye nyumba ya vyumba viwili na mtu mmoja. Kwa miezi niliendelea kusonga ugali wa watu wawili, kwa kuwa mkono ulishazoea, na asubuhi nikala kiporo huku nimemnunia mtu aliyeko Mbeya. Roketi niliiweka juu ya kabati. Injini ndiyo iliyonitia wasiwasi. Wakati wa mvua, katika nyumba ile hata chumvi iligeuka maji koponi, na baruti ikishalowa ndiyo basi tena. Nikafanya kama mama yangu alivyofanya na mahindi ya mbegu: niliifunga kwenye kitambaa, nikaitundika juu kabisa ya mafiga katika jiko la nje, joto na moshi viifikie, moto usiifikie. Kila nilipopika niliinua macho kuitazama. Nilijiona nina akili sana.

Barua zake zilikuja. Angekuja Pasaka. Pasaka haikuwezekana, angekuja mwezi wa sita. Mwezi wa sita alikuwa mjamzito na hakutaka kutikiswa na basi. Kiangazi kikapita na anga lake safi. Wasichana walicheza netiboli kwenye uwanja mkavu, mimi nikasahihisha madaftari dirishani. Ningeweza kuirusha siku yoyote. Nilikuwa mpweke, na nilimhitaji kuliko nilivyokuwa tayari kukiri, na kwa kuwa sikuweza kuandika hivyo kwenye barua, niliandika habari za mitihani.

Mwaka uliofuata, likizo ilipofika, nilipanda basi mwenyewe kwenda Mbeya, roketi na injini yake nimeviviringisha kwenye khanga na kuvipakata njia nzima.

Alinikaribisha sebuleni, akanikalisha kwenye kiti chenye kitambaa cha kufuma, akaniletea soda. "Karibu sana, mwalimu. Za Iringa?" Mwalimu. Nikajibu kwamba Iringa ni nzuri, kama mtu aliyekuja kuandikisha sensa. Nilipoifungua khanga alicheka. "He, kumbe bado ipo!"

Alasiri tukatoka kwenda uwanja wa nyuma ya nyumba. Mumewe, mtu mpole, alitoa betri za redio yake. "Zirudi tu kabla ya taarifa ya habari, shemeji," akasema, akabaki kibarazani. Nilisimika kifimbo cha chuma cha kuiongoza, nikakivalisha roketi, nikaunga nyaya za kuwashia injini, nikarudi nyuma na betri. Mwenzangu, mtoto mgongoni, akahesabu kwa sauti: tano, nne, tatu. Sauti ilikuwa ile ile ya Jumamosi zetu. Nikagusisha waya kwenye betri.

Haikuruka. Ilipasuka palepale kwa kishindo cha tairi la lori. Bomba lilichanika, mapezi yakatawanyika kwenye majani, na mtoto akaanza kulia.

Aliokota ganda la injini, akaligeuzageuza. "Hii uliitunza wapi?"

"Juu ya jiko. Isipate unyevu."

"Muda wote huo?" Alifumba macho kidogo, kisha akanieleza kwa upole, kama anavyoeleza darasani. Ikipata joto ikapoa, ikapata joto ikapoa, baruti inafanya nyufa, na moto ukiingia kwenye nyufa unaiwasha yote mara moja. Karatasi ya maelekezo ilisema iwekwe mahali pa baridi. Lakini kusoma ilikuwa kazi yake, na ukurasa huo hatukuwa tumeufikia alipoondoka.

"Sasa kwa nini hukuirusha tu kiangazi kile?" akaniuliza. "Mimi nilijua umesharusha siku nyingi."

Nilimtazama nikidhani ananitania. Hakuwa ananitania. Alikuwa amesahau, hivyo tu, kama mtu anavyosahau neno alilosema kituo cha basi. Maneno nilikuwa nayo, nimeyapanga mwaka mzima jikoni, mengine makali. Nikayameza.

"Kazi zilikuwa nyingi," nikamwambia. "Mitihani. Nikapitiwa."

Akashusha pumzi, akamzungusha mtoto kutoka mgongoni na kumweka kifuani.

"Afadhali," akasema. "Maana nilianza kuogopa kwamba ulikuwa unaningoja mimi."

Nikainama kuokota vipande, asinione uso.