Maji Yaliyobaki Ndani ya Injini

Upepo ukivuma kutoka mashariki, ndege zinazotua London huzunguka mbali na kuingilia upande wa magharibi, na hapo ndipo utayaona yale maziwa: mashimo ya zamani ya kokoto yaliyoachwa yakajaa maji. Mwezi uliopita nilikuwa narudi kutoka Unguja kumsalimia shangazi, magoti yamekufa ganzi, nikaliona la kwetu. Nililijua kwa umbo lake, refu na jembamba, na kichaka kimoja katikati ya ukingo. Nikamwambia kijana wa Kiingereza aliyekaa pembeni yangu, "Pale tulikuwa na boti ya kuvutia watu wanaoteleza majini." Aliutazama mtandio wangu, akautazama mfuko wangu wa karafuu, akatabasamu kama mtu anayemkubalia mgonjwa. Basi nakusimulia wewe, rafiki yangu, ambaye angalau utanisikiliza mpaka mwisho.

Baba alikuwa fundi wa mabasi. Tuliishi Thamesmead, kusini-mashariki ya London, ghorofa ya tatu, na kazini kwake ndiko alikokutana na Anko. Siku hiyo baba aliangusha spana mguuni, akatamka neno la Kiswahili ambalo siwezi kuliandika hapa, na Kalasinga mmoja aliyelala chini ya basi la pili akacheka mpaka akakohoa. Ndiye huyo Anko, na alikuwa amezaliwa Kisumu. Tangu hapo hawakuachana, hata Anko alipofungua gereji yake mwenyewe Southall, magharibi ya jiji. Huko gerejini ndiko boti ilikotufikia, katikati ya miaka ya tisini, ikiwa juu ya trela, injini imekufa na mwenyewe amekwisha kuichoka. Wale wawili waliifufua. Baba hakuwahi kuteleza majini hata mara moja, wala hakupenda kulowa. Alipenda injini tu, na hii ikawa injini inayokaa majini.

Lakini boti ya kuvutia isiyovuta mtu ni wazee wawili wanaokwenda na kurudi ziwani bila sababu. Ndipo dada yangu alipojitolea. Mama alikubali kwa sharti la suti nzito ya mpira, kofia ya kuogelea na dua ndefu. Mchezo wenyewe ni hivi: unasimama juu ya ubao mmoja, unashika kamba, na boti inapita katikati ya njia iliyonyooka. Wewe huku nyuma unakata kushoto na kulia kuyazunguka maboya sita, matatu kila upande. Ukiyamaliza, kamba inafupishwa, unaanza tena. Mwenye boti haruhusiwi kupinda hata kidogo kumsaidia anayevutwa. Mwendo uwe uleule, na mstari uwe uleule. Baba aliyashika masharti hayo kama tajwidi ya Kurani.

Kazi yangu ilikuwa kukaa nimeipa mbele mgongo, nimtazame dada, na akianguka nipaze sauti. Alianguka sana, na mimi nilikuwa na sauti. Ndicho kipaji pekee nilichokuwa nacho kwenye familia ile.

Jumamosi zetu zilinuka petroli, kamba mbichi na mkate wa kumimina wa mama. Mke wa Anko alileta chapati na achari ya maembe iliyotutoa machozi, na tulikula tukiwa tumesimama, kwa sababu nyasi zilikuwa zimelowa daima. Kisha boti ilidai haki yake. Kulikuwa na grisi ya kutia, pangaboi la kukagua kama limegonga jiwe, kamba ya kupima maana hurefuka ikivutwa, na turubai la kufunga kwa ncha zisizohesabika. Baba alisema boti ni kama mgeni wa heshima, halali mpaka umtandikie. Anko alisema, "Mgeni gani huyu, miaka tatu hajaenda kwao?"

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Injini ile haikuwa na rejeta kama ya gari. Ilivuta maji ya ziwa, ikajipoza nayo, ikayatema nyuma. Kwa hiyo, baridi ikija, lazima maji yote yatolewe ndani, la sivyo yataganda, yatatanuka na kupasua bloku, yaani chuma kikuu cha injini. Kuna vizibo viwili vya shaba chini kabisa, kimoja kila ubavu, mahali ambapo mkono wa mtu mzima haupiti vizuri. Wangu ulipita. Ukifungua kizibo na maji yasitoke, usidhani pakavu. Ni matope ya ziwa yameziba tundu. Unachukua waya na kuchokoa mpaka maji yaporomoke. Nililijua hilo tangu nina miaka minane.

Mwaka ule tulichelewa kuyatoa maji, kwa sababu dada alikuwa na mashindano yake ya kwanza majira ya kuchipua, na kila wiki aliomba "mara moja tu ya mwisho". Ramadhani ikatukuta. Wakati ule iliangukia katikati ya baridi, jua likizama kabla ya saa kumi alasiri, na hata sisi watoto tulifunga na kujitapa. Mimi nilikuwa na miaka kumi na moja na sikuwa nimekula mchana hata siku moja. Anko alikuwa harusini, dada ana mtihani, kwa hiyo tulikwenda wawili, baba na mimi.

Kizibo cha kulia kilimwaga maji vizuri. Cha kushoto nikakifungua, kimya. Vidole vilikuwa vimekufa kwa baridi. Ndani ya gari kulikuwa na flaski ya uji wa pilipili manga na sambusa zilizofungwa kwenye kitambaa, na harufu yake ilinifuata mpaka chini ya injini. Baba alikuwa ameshika karatasi ya nyakati za msikiti, anatazama saa.

"Ushachokoa?"

Nilimjibu kwa Kiingereza, kama tulivyozoea watoto wa kule, kwamba ndiyo, tayari.

"Pande zote mbili?"

Ndiyo, baba.

"Haya, funika, twende zetu."

Tulifuturu ndani ya gari, vioo vimejaa mvuke. Sijawahi kunywa uji mtamu kama ule, na ninaona haya kusema hivyo.

Siku chache baadaye ikaja baridi ya kweli. Ziwa dogo la mtaani kwetu Thamesmead liliganda, bata wakawa wanatembea juu yake wakiteleza, na wenzangu wa shule wakawa wanarusha mawe kuona kama yatatoboa. Mimi nilikuwa natazama barafu na kusikia chuma. Idi ikaja, mama akapika biriani, nikala kama mtu anayetafuna karatasi. Dada alibandika ukutani picha aliyoichora ya maboya sita na kila siku alipitisha kidole katikati yake. Nilianza kupita kwenye korido nikiwa nimeangalia chini.

Jumamosi baada ya Idi nilimkuta baba kwenye baraza, anasugua plagi za injini kwa mswaki wa zamani. Nikamwambia. Safari hii kwa Kiswahili, kibovu, na nikachanganya kila kitu: waya, sambusa, bata.

Hakuacha kusugua. "Ulikuwa na njaa?"

"Ndiyo, baba."

"Na mimi." Akaiweka plagi chini. "Upande wa kushoto sikusikia maji kudondoka. Miaka yote hii nafanya kazi ya injini, mwanangu, nisijue sauti ya maji? Nilijua. Nikajitia sijui. Nilikuwa naufikiria uji."

Akaingia ndani, akampigia simu Anko. "Yakhe, hebu niangalizie boti. Mimi na mwanangu tumeharibu."

Anko alikwenda mchana uleule na kutupigia tena. Sauti yake niliisikia kutoka upande wa pili wa chumba: "Iko na ufa! Mwembamba kama nywele, lakini iko! Nyinyi watu wawili mlikuwa mnafanya nini, mnaomba mvua?"

Dada hakunipiga. Alikaa kitandani kwake akasema, "Nilikuwa nimefika boya la nne." Ningependa angenipiga.

Ile injini kwa asili ilikuwa ya gari kubwa la Kimarekani, kwa hiyo Anko alianza kutafuta mfano wake kwenye majalala ya magari, na akalipata moja lililokuwa limegongwa nyuma, mbele zima. Kila Jumamosi tukawa Southall. Nilisugua, nilipanga skrubu kwenye vikopo vya maziwa, nilishika taa. Jumamosi ya kwanza baba alikuwa ameniambia njiani, "Leo tunafunga, mimi na wewe. Si kwamba sheria imetulazimisha. Ni kwa ajili ya ile sambusa." Nikafunga bila kuuliza.

Adhuhuri mke wa Anko akaleta chakula. Baba akamweleza.

Anko akaitazama sahani, akatutazama. "Sasa nyinyi mnafunga, mimi nikule mbele yenu? Mtu gani mimi?"

"Kula, yakhe. Wewe hukudanganya mtu."

"Mimi nilienda harusi nikacheza bhangra siku mbili, boti bila mtu wa kuiangalia. Funika hiyo sahani, mama."

Akafunga. Alilalamika kutoka adhuhuri mpaka jioni, akauliza saa mara kumi, akamlaumu baba, mimi, Kisumu na serikali. Jua lilipozama alikula samosa sita akiwa ameegemea ile bloku mpya, akasema dini yetu ni ngumu lakini inajua kupika.

Injini iliwaka mwezi wa nne. Ilikohoa, ikatema maji ya ziwa nyuma, kisha ikatulia na kuunguruma. Anko na baba walisimama wakaisikiliza. Dada alibaki na wiki chache tu za mazoezi. Kwenye mashindano alizunguka maboya matatu akaanguka, wa mwisho kwa umri wake, na familia mbili zilishangilia hata mwamuzi akauliza kama kuna kitu hakukiona. Mwaka uliofuata alimaliza sita. Mimi nilipaza sauti hata siku hiyo, kwa mazoea.

Boti tuliiuza dada alipoolewa. Anko amekwisha kufariki, gereji yake sasa ni duka la simu, na baba alimfuata miaka miwili baadaye. Ziwa wamelizungushia uzio. Mimi nikasoma vyuo, nikawa mtu wa kuandika, kazi ambayo mtu akikosea hakipasuki chochote, ila watu husogea kando kidogo wamwache peke yake na kosa lake.

Wengi wamenisamehe tangu hapo, na nawashukuru. Kusamehewa nimekuzoea. Ninachokikosa ni mtu wa kuacha kusugua plagi, akaichukua nusu ya kosa langu kama anayepokea mfuko mzito mlangoni, na mwingine wa kukaa na njaa mpaka jioni kwa ile nusu ambayo hata yeye haikumhusu.