Maji Baridi

Kila nikichemsha kamba kwa maji chumvi kwenye sufuria ya chuma, harufu ya mvuke hunirudisha mbele ya pikapu kuukuu ya baba.

Baba alikuwa mtu wa Mbwera, kule deltani, mtu wa boti, na boti ndiyo aliyoiuza akanunua pikapu ile ili abebe mpunga. Injini ilichemka kila safari. Fundi akaja kutoka Kibiti kutufundisha kuitunza, baba na mimi bintiye, tumeinama pamoja chini ya boneti. Tukajifunza kupima oili na kusugua plagi kwa msasa. Kuhusu rejeta alisema neno moja tu: "Mzee, ikichemka, usitie maji baridi kabisa. Utaiua."

Baba akaitikia. Lakini kwetu deltani maji baridi ni maji ya kisimani, yasiyo na chumvi, hata yakiwa yanatokota. Basi msimu mzima tuliteka maji chumvi ya mkondoni, nyuma ya mikoko, baba akiyachuja kwa kanga ya mama ili mchanga usiingie. "Taratibu, mwanangu," aliniambia nikimimina.

Gari lilipokataa kuwaka, fundi alirudi akafungua kifuniko cha rejeta. Kutu ilitoka nzito kama uji. Akachovya kidole, akaonja.

"Nani kakwambia utie maji chumvi?"

"Wewe, fundi. Si ulinikataza maji baridi?"

Fundi alifuta kidole kwenye suruali. Akakusanya spana zake, akaondoka, boneti akaiacha wazi.

Baba ndiye aliyeishusha, polepole, kwa viganja vyote viwili.