Ua Lililozama katika Udongo wa Kibumba

Papa Anastase Sibomana ni mwashi. Tangu lava ya 2002 ilipofunika shamba la baba yake kule Kibati, hupasua mawe yaleyale na kuwajengea watu kuta. Ukimwuliza habari za kazi, atakuambia volkano ilimpa mawe mengi, ikasahau kumpa akili.

Juu ya mawe hayo, kabla majani mengine hayajathubutu, kulitokea ua moja dogo la manjano, limelala chini kabisa. Kila mwaka lilikauka, kisha likachipuka tena kwenye mzizi uleule. Hakuwahi kuona jingine popote. Na kwa kuwa shambani mwa baba yake hakikubaki kingine, akalipenda kama mtu wa ukoo.

"Papa, hii ni ndugu ya tournesol, ile alizeti," binti yake Nishimwe alimwambia siku moja akitoka shule.

"Ndugu gani mufupi hivi? Labda walimunyima chakula."

Mwaka wa 2012 waasi walikaribia, na Kibati nzima ikashika njia ya Goma. Wenzake walibeba magodoro. Anastase alimwaga maharagwe yaliyokuwa motoni, akang'oa ua lake, akalitia ndani ya sufuria. Mke wake Séraphine hakumsemesha hadi walipofika kwa shemeji.

Goma ni jiwe tupu. Anayetaka hata kitunguu hutafuta kwanza udongo mweusi wa Kibumba, unaouzwa kwa gunia. Anastase akauomba kwa jirani, Mama Mwavita, akajaza sufuria, akamwagilia asubuhi na jioni. Ua likalegea. Akaongeza maji. Majani yakaanza kuoza.

Mama Mwavita akachungulia juu ya ukuta.

"Papa Anastase, unapika majani ya sombe?"

"Ninatunza maua, mama."

"Basi ongeza chumvi, imeiva."

Nishimwe hakucheka. Alichuchumaa kando ya sufuria. "Papa, kule Kibati nani alikuwa anaimwangia maji?"

Anastase akaanza kucheka peke yake. "Mutu wa mawe kama mimi, ninaenda kuomba udongo!"

Akaumwaga wote. Kwenye mzizi kilibaki kipande kimoja cheupe, chembamba kama njiti ya kiberiti. Alichukua nyundo, akaponda lava hadi ikawa changarawe, akakizika humo, akakataza mtu yeyote asikiguse. Mvua ilipokuja alikimbia kuingiza sufuria ndani, akaliacha nje godoro la shemeji lililokuwa limeanikwa.

"Sawa," alisema Séraphine. "Leo tutalalia maua."

Wiki zikapita, sufuria ikawa kichekesho cha mtaa. Lakini asubuhi moja, katikati ya changarawe, Anastase aliona jani lisilozidi ukucha wa mtoto. Alilitazama muda mrefu, akihofia ni macho yake tu. Kisha akaenda ukutani.

"Mama Mwavita, kuya ucheke karibu. Lakini usipumue sana."